Jimu ndogo ya mtaani ukiwa na kisigino kibovu: rivyuu ya mkimbiaji

Kwa wenye haraka naanza na jibu. Kama we ni mkimbiaji na kano ya kisigino inakusumbua, jimu hii ndogo niliyokuwa naijaribu inatosha kabisa, na kuna mambo inaipita ile kubwa yenye vioo mpaka darini na skrini kila mashine. Ila ina mapungufu, mengine ya kawaida na mengine yanaudhi kwelikweli, hasa kama we ni mtu wa kushindwa kusema hapana. Kama unachotafuta ni kifua na mikono au madarasa ya kurukaruka, hii rivyuu haikuhusu sana maana huko sijagusa, mi nimeipima kwa kitu kimoja tu, mtu mwenye mguu mmoja mgonjwa akiingia humu anasaidika au anamaliziwa? Jina siweki, wafanyakazi wenyewe ni wachache, ukigusa mmoja kila mtu anajua umemsema nani.

Niseme kwanza tatizo lenyewe ili mjue nilikuwa natafuta nini. Maumivu yangu yapo nyuma ya mguu, sentimita chache juu ya mfupa wa kisigino, ukipabana kwa vidole viwili unasikia pameumuka kama kamba iliyopigwa fundo. Asubuhi hatua za mwanzo unachechemea mpaka chooni, ukipata moto linapotea, jioni unajiona mzima, kesho asubuhi lipo palepale linakusubiri. Waliokimbia miaka miwili mitatu wanalijua hili. Na jambo ambalo wengi hawalitaki kulisikia ni kwamba kupumzika tu hakuliponyi. Unapumzika, maumivu yanaisha, unarudi barabarani, yanarudi, kwa sababu muda wote ule uliolala kano haikuongezewa nguvu yoyote, imezidi kuwa legelege. Kinachotakiwa ni kuibebesha mzigo, taratibu, unaopanda, na kwa muda mrefu, tunaongea miezi hapa, siyo wiki.

Ndo maana nikatafuta jimu. Ukikimbia, ile kano inabeba mzigo unaokadiriwa mara 6 mpaka 8 ya uzito wa mwili wako kila hatua, sasa mazoezi ya kusimama kwa vidole jikoni huku unasubiri maji yachemke yanafaa mwanzoni, ila yana mwisho wake, kuna siku uzito wa mwili wako peke yake unakuwa mdogo na unahitaji chuma.

Kuna daktari mmoja wa Uswidi anaitwa Håkan Alfredson, wanaosomea mambo haya wote wanamjua. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaumwa kano hiyohiyo, akataka afanyiwe upasuaji, bosi wake akakataa, basi akaamua kuitesa makusudi kwa mazoezi mazito ya kushusha kisigino ili ikatike kabisa wamfanyie kwa lazima. Badala ya kukatika ikapona! Mwaka 1998 akachapisha utafiti kwa wanamichezo 15 wa kawaida, seti 3 za marudio 15, goti limenyooka, halafu tena goti limekunjwa, mara 2 kwa siku, wiki 12. Piga hesabu, ni marudio 180 kwa siku kwa mguu mmoja. Inafanya kazi ila inachosha akili kuliko mguu. Baadaye mwaka 2015 watu wa Denmark wakalinganisha njia hiyo na njia ya vyuma vizito kwa mwendo wa polepole, mara 3 tu kwa wiki, na matokeo yakakaribiana, ila wa vyuma walitumia muda mchache sana. Mi kwa uvivu wangu nikachagua ya vyuma, na fizio wangu, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, akakubali. Kwahiyo nilipoingia jimu nilikuwa na orodha kichwani, sehemu ya kusimama kisigino kining'inie, chuma cha kubeba begani, mashine ya kusukuma kwa miguu, na namna ya kufanyisha kigimbi kazi nikiwa nimekaa.

Mapokezi kuna kijana mchangamfu. "Karibu sana kaka, unataka kuongeza au kupunguza?" Hilo ndo swali lao la kwanza kwa kila mtu, kuongeza mwili au kupunguza, na kwenye fomu kuna visanduku viwili hivyohivyo, hamna cha mtu anayetaka kubaki alivyo ila mguu upone. Nikaandika pembeni kwa peni. Akaisoma, akacheka, akasema "ngoja nikuitie kocha mkubwa."

Na hapa ndo jimu hii ilipojipatia pointi zake nyingi. Kocha mkubwa ni mtu mzima, haongei sana, hana misuli ya kutisha. Hakunipeleka kwenye mashine yoyote. Akauliza inauma ukianza au ukimaliza, asubuhi inakuwaje, siku hizi unakimbia au umeacha kabisa, kuna dawa unatumia. Swali la dawa nilishangaa, lakini lina maana kubwa, kuna antibayotiki za kundi la ciprofloxacin zinazojulikana kuharibu kano, mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea onyo kali mwaka 2008, na mtu anaweza akazimeza kwa ugonjwa mwingine kabisa asijue zinahusiana na kisigino. Sikutegemea kusikia hilo kwenye chumba chenye harufu ya raba na jasho.

Halafu akanisimamisha karibu na ukuta, vidole viwili tu vya mkono vimegusa kuweka balansi, nisimame mguu mmoja ninyanyue kisigino mpaka nichoke. Mguu mzima ukaenda vizuri. Kipimo ambacho mafizio wengi wanakitumia ni kama marudio 25 kwa mtu mzima mwenye afya, hapo nilipita. Mguu mgonjwa mambo yakawa mengine, mi nilikuwa nahesabu nikiona naenda tu, ila yeye alikuwa amechuchumaa nyuma yangu anaangalia kisigino kinafika wapi, akasema "hesabu imesimama zamani kaka, sasa hivi unakunja goti tu." Na kweli, nilipoangalia kwenye kioo cha pembeni kisigino kilikuwa kinanyanyuka nusu ya kimo cha mwanzo na goti ndo linafanya kazi ya kunidanganya. Kitu kama hiki programu ya simu haikuambii, na jimu kubwa yenye watu wengi hakuna atakayechuchumaa nyuma ya kisigino chako.

Sasa vifaa. Chumba ni kimoja kirefu, mashine za kadio, zile za kufanyisha moyo na pumzi kazi, mbele kwenye dirisha, vyuma nyuma, katikati mikeka. Mashine ya kufanyia kigimbi ukiwa umekaa hawana, na kwa mtu wa kano hilo ni pengo. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa, wa juu unaouona umejaa, na mwingine bapa uko chini yake unaoitwa soleasi, huo wa chini ndo unaofanya kazi kubwa zaidi ukikimbia, na ili uufanyishe kazi vizuri goti lazima liwe limekunjwa. Suluhisho lao ni la kienyeji, unakaa kwenye benchi, vidole vya mguu juu ya sahani ya chuma iliyolazwa sakafuni, halafu unaweka dambeli juu ya goti na taulo chini yake lisikuchubue paja. Inafanya kazi mpaka dambeli linapokuwa zito kiasi kwamba kulipandisha pale gotini ni zoezi lingine. Kocha akanihamishia kwenye ile fremu ambayo bari linateleza kwenye reli mbili, unakaa chini yake, bari linalala juu ya magoti, umelifunga mkeka mdogo. Hiyo imekaa vizuri, naipendekeza hata kwa walio kwenye jimu nyingine zisizo na mashine. Ila tahadhari, bari la kwenye reli halina kilo 20 kama lile la kawaida, mara nyingi ndani kuna vizito vya kulipunguzia uzito, na kila mashine ina yake, kwahiyo usilinganishe namba za mashine moja na nyingine.

Kwenye kusukuma kwa miguu hamna neno, mashine ni ya zamani, imepakwa rangi upya juu ya kutu, ila inateleza vizuri. Unasukuma jukwaa kwa ncha za miguu magoti yakiwa yamenyooka bila kukaza kabisa, polepole, sekunde 3 kwenda 3 kurudi. Tatizo ni kwamba jukwaa lenyewe limekuwa laini kwa miaka ya viatu, wakibandika kipande cha raba yenye meno tu pale chini mambo yatakuwa safi. Niliwaambia. Wakasema watafanya.

Ngazi ya kushushia kisigino wanayo, kibao kinene cha mbao, kingo yake imechongwa mviringo kidogo isikate unyayo, na nyuma kuna mbao nyembamba imepigiliwa ili kisirudi nyuma ukisimama. Mtu aliyekitengeneza alikuwa anajua anachofanya. Ila hapa niweke neno kwa wenye maumivu chini zaidi, pale kano inapoingia kwenye mfupa wenyewe wa kisigino, nyie msishushe kisigino chini ya usawa wa kibao, mnafanyia sakafuni bapa, kwa sababu ukikishusha sana mfupa unaibana kano palepale panapouma. Wengi wanasoma zoezi bila kusoma hilo halafu wanasema mazoezi yamewaharibu.

Vyuma, sasa. Vyuma vimechanganywa kilo na paundi, na havijatenganishwa. Vile vilivyoandikwa 45 ni paundi, yaani kama kilo 20 na kidogo, na kuna 20 za kilo zenye ukubwa karibu sawa, kwahiyo ukipakia bila kusoma upande mmoja unakuwa mzito kidogo. Kwa mtu mzima siyo ishu. Kwa mtu ambaye bila kujua anaukwepa mguu mmoja, hata kitu kidogo hivyo kinasumbua. Kingine kilichoniudhi ni kukosa vyuma vidogo vya kilo 1.25, kidogo kabisa ni kilo 5. Mpango wa vyuma vizito unakwenda hivi, unaanza na uzito unaouweza marudio 15 tu, halafu kwa wiki 12 unapanda mpaka uzito unaouweza marudio 6, na kano haipendi kushtukizwa, inapenda upande kidogokidogo. Ukiwa na vya kilo 5 tu, kila ukiongeza bari unaongeza kilo 10, hiyo ni hatua kubwa. Wenye nguvu hawavihitaji vidogo ndo maana hakuna anayevililia, nadhani.

Kuhusu kadio nina mengi kidogo maana ndo sehemu wakimbiaji tunakwenda tukiwa na hamu. Hofu ya kila mkimbiaji aliyesimamishwa ni kupoteza pumzi, na siyo hofu ya bure, Edward Coyle na wenzake mwaka 1984 walipima wanariadha walioacha mazoezi kabisa wakaona uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka asilimia 7 ndani ya siku 21 za mwanzo, na baada ya siku 56 ukatulia asilimia 16 chini ya pale walipokuwa. Lakini hao waliacha kila kitu. Ukiwa na baiskeli huna sababu ya kufika huko. Baiskeli za humu ni mbili, moja kiti kinashuka chenyewe taratibu ukiwa juu yake, iache, kaa kwenye ile ya dirishani. Siri kwa mwenye kano ni kukanyaga pedali kwa katikati ya unyayo, siyo kwa vidole, na kiti kisiwe juu sana mpaka unachungulia pedali kwa ncha ya mguu, hapo kigimbi kinapumzika na mapaja yanabeba kazi. Utachoka vizuri tu, utatoka jasho mpaka kwenye soksi.

Mashine ya kupiga makasia ni nzuri, mpya kuliko vitu vyote mle, lakini watu wanaipendekeza kwa kila majeruhi utafikiri haina mguu ndani yake. Angalia pale mwanzo wa mvuto, umejikunja, magoti kifuani, kifundo cha mguu kimekunjwa mpaka mwisho, kisha unasukuma kwa nguvu kutoka hapo hapo. Kwa kano inayouma hiyo ni sehemu mbaya kabisa. Kama lazima uitumie, usijikunje mpaka mwisho, acha visigino vinyanyuke vyenyewe, na lile vali la pembeni lenye namba 1 mpaka 10 usilipeleke 10 kwa kudhani ndo ugumu, linaongeza au kupunguza hewa inayoingia kwenye feni, uzito wa mvuto unautia wewe mwenyewe kwa kasi ya kuvuta.

Na tredimili, mashine ya mkanda wa kukimbilia. Hiki kifaa kilianzia magerezani, kweli kabisa, mhandisi Mwingereza William Cubitt mwaka 1818 alibuni gurudumu la kupandwa na wafungwa saa nzima nzima, sasa sisi tunalipia. Zipo tatu, moja imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu. Kuna ushauri maarufu wa kuiweka mwinuko wa asilimia 1 ili ifanane na kukimbia nje, umetokana na utafiti wa Jones na Doust wa mwaka 1996, na unamhusu mtu asiye na jeraha. Kwa mwenye kano, mwinuko wowote unaivuta zaidi, weka sifuri. Na usidhani mkanda laini maana yake mzigo mdogo, vipimo vimeonyesha kano inaweza ikabeba zaidi kwenye mashine kuliko barabarani, kwahiyo anza kwa kutembea na kukimbia kwa kupokezana. Za humu zinaanza kwa mshtuko, ukibonyeza zinaruka badala ya kupanda taratibu, simamia pembeni kwanza.

Turudi kwa watu, maana jimu ndogo ni watu. Jioni zamu ni ya kocha mwingine, kijana, mwili umejaa, roho nzuri ila haambiliki. Kila mtu kwake ni wa kurushwa. Siku ya kwanza tu nikiwa kwenye kibao changu akaja "kaka, hizo za wazee, twende tukaruke boksi tuchangamshe damu." Nikamwambia nina injari ya kisigino. "Itazoea hiyo, usiogope." Nikakataa, akaenda, akarudi na kamba ya kuruka. Jamani. Kuruka ndo kitu cha mwisho kabisa kurudi, kano inafanya kazi ya springi pale, inavutwa kwa ghafla na kuachiwa kwa ghafla, na mtu ambaye bado hawezi kunyanyua kisigino polepole kwa mguu mmoja hana biashara na boksi. Yeye hana nia mbaya, ila mgeni mwenye aibu angeruka, na ndicho kinachonifanya niipunguzie jimu hii pointi kuliko vyuma vyote vilivyopungua. Kocha mkubwa anaandika kwenye daftari shida ya kila mtu, nimeliona daftari, liko mezani, basi huyu wa jioni alifungue tu.

Muziki nao ni wa sauti kubwa, na una athari ambayo sikuitegemea. Mazoezi haya yanataka mwendo wa polepole, sekunde 6 kwa kila rudio, sasa spika ikipiga kitu cha kasi mguu unaufuata bila kukuomba ruhusa, unajikuta umemaliza seti kwa nusu ya muda. Nikaweka kipiga mdundo kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika, sikioni, tatizo likaisha.

Saa za mchana kuna utulivu mzuri sana. Kuna mama mmoja mtu mzima anakuja saa hizo kwa ajili ya goti lake, nikimwamkia "shikamoo mama" anaitika huku hajasimamisha zoezi, na yeye ndo alinifundisha kujua mzigo umezidi. "Mwanangu, usiuulize mguu sasa hivi, uulize kesho ukiamka." Fizio wake ndo alimwambia na ni kitu sahihi kabisa, kuna utafiti wa Uswidi wa mwaka 2007 ulioongozwa na Karin Silbernagel uliotumia kipimo cha maumivu cha 0 mpaka 10, ukiruhusu maumivu yafike 5 wakati wa zoezi ilimradi kesho yake asubuhi yawe yametulia na wiki kwa wiki yasipande, na waliokuwa wanaendelea kukimbia kwa kipimo hicho hawakuharibikiwa kuliko waliosimamishwa. Hii imenisaidia sana kisaikolojia, maana kabla ya hapo kila nikisikia kitu nyuma ya mguu nasimama naanza kujibonyeza.

Mengine kwa haraka. Bafu ni moja, maji yapo, ndoano ya kutundikia nguo hamna. Kabati za kuwekea vitu hazina kufuli, njoo na lako. Chupa za dawa ya kufutia mashine zipo na watu wanazitumia kweli, hilo nimelipenda. Feni zinatosha mchana, jioni hazitoshi. Rola ya kujikandia ipo, imepinda.

Malipo wanachukua kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, na siku ya kwanza unajaribu bure. Kwa majeruhi anza na wiki, usirukie mwezi kwa sababu ya punguzo. Kabla hujalipa mwezi uliza swali moja, nikisimamishwa na daktari mnanisimamishia siku zangu au zinaendelea kukatika? Kwenye karatasi yao haipo kabisa. Mi nilipouliza wakasema wanasimamisha, nikaomba waandike na kugonga muhuri, wakaandika bila ubishi. Jimu moja kubwa niliyowahi kujiunga huko nyuma walinijibu kwamba mfumo hauruhusu, na mfumo ukaendelea kunikata hivohivo huku nimelala na mguu juu ya mto.

Kitu ambacho hakuna jimu itakayokusaidia, na nakisema kwa sababu kuna mtu atasoma hapa badala ya kwenda hospitali. Ukisikia mlio ghafla nyuma ya mguu utafikiri umepigwa teke, ukageuka hakuna mtu, halafu ukashindwa kusimama kwa vidole, hapo kano inaweza kuwa imekatika. Wanakulaza kifudifudi wanakibana kigimbi, unyayo usipocheza ndo dalili yenyewe. Usingoje kesho na usifanyie mazoezi. Na kama maumivu yapo kwenye mfupa wenyewe, sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, na yanaongezeka kila ukikanyaga, hayo nayo siyo ya vyuma, nenda wakakucheki kama mfupa una ufa.

Mguu wangu sasa hivi? Asubuhi ugumu bado upo ila unaisha kabla sijafika chooni, kisigino kwenye kioo kinafika karibu sawa na cha mwenzake, na nimeanza kukimbia kidogokidogo kwa kupokezana na kutembea. Siwezi kusema ni jimu, ni muda na mzigo, ila jimu ndo ilikuwa na mzigo. Nyota naipa 4 kati ya 5, ya tano wataipata siku vyuma vidogo vikifika na kocha wa jioni akianza kusoma daftari.

Ukienda, nenda mchana, muulizie kocha mkubwa siyo "kocha" tu maana watakuitia yeyote aliye karibu, na kile kibao cha kisigino kiko nyuma ya rafu ya mikeka upande wa ukuta, hakionekani ukiwa umesimama mlangoni, kuna watu wana miezi humo ndani wanatumia sahani za chuma zinazoteleza kwa sababu hawajui kama kipo.